Anguko la Tano

Mchezaji alishuka ngazi kwa upande, kama mtu anayebeba kabati pamoja na mwenzake asiyeonekana. Mguu wa kushoto kwanza, halafu wa kulia unawekwa kando yake, halafu pumzi. Sisi vijana wa kambi ya polisi ya Nsambya tulizoea kuziruka ngazi zile mbili mbili tukienda barabarani, lakini yeye akiwa njiani hakuna aliyempita. Hakuwahi kutukataza. Tuliona haya tu kukimbia mbele ya magoti yale, kwa sababu tulijua yalitumika wapi.

Kambi nzima ilimwita Mchezaji. Jina lake limo kwenye kitambulisho chake, na mimi ninaliacha humo. Mwanzoni watu walimwita hivyo kwa kumcheka.

Aliondoka Kampala miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, akiwa kijana wa raga ya kawaida, ile ya watu kumi na watano. Timu yake ilialikwa Uingereza. Wenzake walirudi. Yeye alibaki, kwa sababu klabu moja ya kaskazini mwa nchi ile ilimwona akikimbia ikampa mkataba. Kumbe klabu hiyo ilicheza raga nyingine, ya watu kumi na watatu. Aliicheza kwa mshahara, msimu baada ya msimu, mpaka mwili ukakataa, kisha akarudi kukaa kwa dada yake, ambaye alikuwa askari. Alitaka jambo moja tu, naye alilisema wazi kwa kila aliyemsikiliza: mechi moja kamili ya watu kumi na watatu, kwa sheria zake zote, ichezwe kwenye uwanja wetu wa kambi. Watu waione. Waache kusema ni hadithi.

Maana walisema ni hadithi. Aliyesema zaidi ni sajini mstaafu, jirani yetu, mtu aliyekuwa na kiti cha mbao chenye mikono ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia, hata mkewe.

"Watu kumi na tatu?" sajini aliuliza. "Na wale wawili walikufa?"

"Hawakufa, afande. Walibaki nyumbani wanapika."

"Sasa wewe ulilipwa kucheza mchezo ya watu hawatoshi?"

"Nililipwa."

"Picha iko wapi?"

Picha hakuwa nayo. Mkoba wake mmoja ulipotea safarini, na humo ndimo zilimokuwa picha na jezi. Alichobaki nacho ni kinga ya meno, kipande cha mpira chenye alama za meno yake, alichokihifadhi kwenye kopo la majani ya chai. Siku moja alikitoa akamwonyesha sajini. Sajini alikigeuza geuza kwa ncha ya kalamu.

"Banange," akasema, "mtu ametoka Ulaya na meno ya babu yake."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akamwaga maharage. Mchezaji pia alicheka. Akakirudisha kwenye kopo, akafunga kifuniko, akakibonyeza mara mbili kuhakikisha kimefunga.

Tofauti ya mchezo wake na ule tuliojua ilikuwa hii. Katika raga ya kumi na watano, ukiangushwa unauachia mpira, na watu wanaugombania hapo chini. Katika ya kwake huuachii. Unaanguka nao, unasimama nao, unauweka chini mbele yako, unausukuma nyuma kwa wayo wa kiatu, na mwenzako aliyesimama nyuma yako anauokota. Timu inaruhusiwa kuangushwa mara tano na bado ikaucheza mpira. Ikiangushwa mara ya sita, inawapa wapinzani, bila ubishi.

"Ukiangushwa, mpira bado ni yako," alitwambia. Alitwambia hivyo jioni zote, mpaka watoto wadogo waliokuwa wakichota maji walisema vivyo hivyo walipojikwaa na madumu.

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Aliyapata siku ya mechi yake ya kwanza huko. Aliingia uwanjani, akapewa mpira, akakimbia vizuri, akaangushwa, na kwa mazoea ya Kampala akauachia. Mpinzani akauokota akaenda kufunga. Uwanja wote ulicheka. Lakini bibi mmoja mzee aliyesimama mbele kabisa, kwenye uzio, alimpigia kelele: "Mwanangu, huo mpira ni wako!" Baada ya mechi bibi huyo alimmiminia chai ya maziwa, bila sukari, kutoka kwenye chupa yake. Akafanya hivyo kila mechi ya nyumbani mpaka alipokufa. Ndiyo sababu Mchezaji alikunywa chai isiyo na sukari saa kumi jioni kila siku. Mama wa katogo, aliyeuza chakula karibu na lango, alimwuliza kama hiyo ni chai au ni dawa ya minyoo.

"Ni chai ya mama yangu wa uwanjani," alimjibu.

Hivyo ndivyo alivyozungumza juu ya kazi yake. Ukimwuliza alishinda kombe gani, alisema hakushinda kombe. Ukitaka hadithi ya bao lake bora, alikupa hadithi ya siku aliyoanguka kwenye theluji, akaingiza mkono akitafuta mpira na akatoka na kiatu cha mtu. Alikuwa mtu wa fahari kubwa, alipiga pasi kaptura ya mazoezi na kung'arisha viatu ambavyo dakika mbili baadaye vingejaa udongo mwekundu, lakini fahari yake hakuiweka kwenye ushindi. Sikuelewa kwa muda mrefu aliiweka wapi.

Alikuwa na mambo mengine yasiyolingana. Mtu aliyekimbilia mabega ya wanaume wenye kilo mia alikuwa akiogopa sindano. Hospitali iko juu ya kilima hicho hicho cha Nsambya, unaweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa, na dada yake alimwambia kila mwezi aende akaonyeshe magoti.

"Nitaenda baada ya mechi," alisema.

"Mechi gani?"

"Mechi yangu."

Alitufundisha kusimama upesi, lakini yeye alipokaa chini kufunga kamba za viatu alingoja tutazame pengine ndipo ainuke. Sote tulijua. Mmoja wetu akitazama kaloli kwenye milingoti, wengine nao waliwatazama.

Kaloli walikuwa wengi uwanjani, ndege wakubwa wenye vipara wanaotembea kama mahakimu, naye aliwatumia kama walimu. Tulipojilinda alitaka twende mbele kwa mstari mmoja, asitangulie mtu. "Tazama wale," alisema. "Hakuna ana haraka. Hakuna anabaki nyuma. Na wewe uko wapi, Mkenya? Uko peke yako kama barua."

Mkenya alikuwa fundi wa magari kutoka upande wa pili wa mpaka, aliyepanga chumba karibu na nyumba za reli. Alikuwa mzito na mchangamfu, na raga ya kumi na watano ilikuwa imemwingia kwenye mifupa tangu shuleni. Kila alipoangushwa, vidole vyake vilijifungua vyenyewe.

"Mzee, mkono inaachia kabla nimeiambia," alilalamika.

"Basi iambie mapema."

Mchezaji alimfanya Mkenya atembee na mpira wiki nzima. Alikwenda nao gereji, akalala nao, na Jumapili akaingia nao kanisani. Padri alimtazama, akaendelea na misa. Dawa hiyo ilifanya kazi.

Mimi nilikuwa na ugonjwa mwingine. Sikuwa na sauti. Niliacha shule baada ya darasa la saba, nikajifunza kuchomelea vyuma Makindye, kilima cha jirani, na kazi ile ilinifaa kwa sababu hakuna anayezungumza akiwa amevaa kinyago. Siku ya kwanza Mchezaji aliponiuliza jina, nilimjibu, akaniuliza tena, nikamjibu tena, akamgeukia Mkenya.

"Anasema nini?"

"Huyo, mzee? Huyo hata akikanyagwa na trela hasemi."

Mchezaji alinizunguka kama mtu anayenunua meza. "Mkono yako ni ya haraka," akasema. "Wewe utakaa nyuma ya mwenye ameanguka. Utaokota. Na wewe ndiye utahesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Maanguko. Kila moja. Kwa sauti, timu yote isikie. Ikifika tano wajue imebaki moja."

"Wueh!" Mkenya alisema. "Mzee, chagua mwingine. Tutahesabiwa na bubu?"

"Nimechagua."

Miezi ya kwanza nilihesabu kama mtu anayeungama. Mchezaji alikwenda kusimama ng'ambo ya uwanja, karibu na ukumbi ambamo vijana wa bendi ya polisi walifanya mazoezi, tarumbeta na ngoma zikimpigia mgongoni, na kutoka huko alinyanyua mikono kuonyesha hasikii. "Sema na tumbo!" alipiga kelele. "Mdomo ni mlango tu!" Niliporudi nyumbani nilihesabu nikiwa naoga. Mama yangu alidhani ninahesabu siku za kuondoka nyumbani. Kidogo kidogo namba zikatoka. Sikuwa na maneno mengine ya kusema kwa nguvu, lakini hayo sita nilikuwa nayo.

Mechi ilipatikana kwa mzaha. Klabu moja ya raga ya kumi na watano, vijana wa maofisini kutoka ng'ambo ya jiji, walisikia habari zetu. Nahodha wao, kijana mrefu aliyefanya kazi benki, alikuja kutazama mazoezi akiwa na miwani ya jua. Alisema wataleta timu yao ya pili na watacheza kwa sheria zetu, ili wacheke kidogo kabla ya msimu.

"Lakini refa atakuwa nani?" aliuliza. "Sheria hizi nani anazijua?"

Kampala nzima hatukumfahamu mwingine. Ikabidi awe Mchezaji mwenyewe.

"Kocha awe refa?" nahodha akacheka. "Mzee, si bora mjipe tu ushindi sisi tubaki nyumbani?"

"Kuja," Mchezaji alisema. "Utaona."

Siku hiyo alivaa kaptura nyeupe, na kwenye magoti alifunga bandeji kwa ustadi, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu anayevika mtoto nguo. Watu walijaa. Askari walitoka zamu wakaja na sare. Sajini alileta kiti chake akakaa kwenye kona, miguu mbele, tayari kuburudika. Bendi ilikuja nayo, bila kualikwa.

Kipindi cha kwanza wageni walifanya kosa lile lile la Mchezaji la miaka ile. Kila walipoangushwa waliachia mpira, nasi tukauokota tu. Watu wa kambi, waliolisikia somo jioni zote, waliwafundisha kutoka pembeni. "Ni yako! Ni yako, ssebo, shika!" Mama wa katogo ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Lakini wale vijana hawakuwa wajinga. Kipindi cha pili walishika, na walikuwa na mapafu kuliko sisi. Ikafika dakika ya mwisho tukiwa nyuma kwa alama mbili. Bao moja lingetupa nne.

Mpira ulikuwa wetu. Tuliangushwa mara ya kwanza katikati ya uwanja, nikahesabu. Ya pili, nikahesabu. Ya tatu. Watu walikuwa wamesogea mpaka kwenye chokaa, ngoma zilipigwa, na sikuweza kuisikia hata pumzi yangu. Mara ya nne nilihesabu, au nilidhani nimehesabu. Ya tano ikawa mita kumi kutoka kwenye mstari wao, nami nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Nne!"

Kama ningetazama pembeni ningeona mkono wa Mchezaji uko juu, ishara ya kwamba limebaki moja tu. Sikutazama. Nilimpa Mkenya mpira. Alikwenda na watu watatu wamening'inia, akaangushwa hatua mbili kutoka mstarini, akaushika kama alivyoushika kanisani, akasimama, akausukuma nyuma kwa mguu. Nikauokota na kuruka juu ya mstari.

Niliposimama watu walikuwa wamenibeba tayari. Bibi mmoja alinivua kiatu, sijui kwa nini. Halafu kelele zikaanza kufa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama taa za mtaa zinapokatika, nikamwona Mchezaji amesimama pale alipoangukia Mkenya, filimbi mdomoni. Alikuwa ameipuliza tangu zamani. Ngoma zilikuwa zimeimeza.

"Ilikuwa ya sita," akasema. "Mpira ni ya wageni."

"Mzee!" Mkenya alilia. "Mzee, dakika imekwisha! Nani anajua? Wewe tu ndiye unajua!"

"Ndiyo. Mimi najua."

Hakupandisha sauti. Aliuchukua mpira mikononi mwangu, hakunitazama, akachechemea mpaka kwa nahodha wa wageni akampa. Wakaucheza mara moja, akapuliza filimbi ya mwisho. Tukawa tumeshindwa mechi pekee aliyoitaka maishani mwake hapa, na aliyetunyang'anya ni yeye mwenyewe.

Nahodha wa benki alimjia na ule mpira mkononi. Hakuwa na miwani.

"Nilikuja nikijua huu mchezo umeutunga," alimwambia, na sisi sote tulisikia. "Lakini mtu hawezi kutunga sheria halafu ajinyime nayo hivi. Samahani, mzee."

Kisha sajini akainuka. Alipita katikati ya watu akiburuta kitu kwenye nyasi, na alipofika tuliona ni kile kiti. Akakiweka nyuma ya Mchezaji.

"Kaa," akasema. "Magoti yako inatetemeka, Mchezaji."

Tangu siku hiyo hakuna aliyelisema jina hilo kwa kucheka. Alikuwa amepata alichotaka, kwa njia ambayo hakuna mwingine angeichagua. Mimi tu sikuweza kufurahi. Niliondoka kabla hajanyanyuka kitini, sikurudi mazoezini, na kwa miezi saba nilipita njia ya nyuma kwenda kazini ili nisikutane naye kwenye zile ngazi.

Mkenya ndiye aliyenifuata Makindye. Alisimama mbele ya cheche mpaka nikavua kinyago.

"Mzee wako amekubali sindano," akasema. "Amewekwa goti mpya. Anakuuliza. Leo ndiyo wanamsimamisha."

Nilikwenda na nguo za kazi. Wodi ilikuwa safi na tulivu, madirisha wazi, na kutoka bondeni ungeweza kusikia bendi kwa mbali. Mchezaji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mwembamba kuliko nilivyomwacha, fremu ya chuma ya kutembelea imewekwa mbele yake. Kwenye kabati dogo niliona lile kopo la chai.

"Umekuja kuhesabu ama kulia?" akaniuliza.

"Nimekuja kukusalimia, mzee."

"Salamu ya miezi saba imepoa."

Nilijaribu kusema lile nililokuwa nimelitayarisha njiani. Likatoka kipande. "Siku ile. Nilisema nne."

"Ulisema nne. Nilikusikia." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu uwanjani. "Sikiliza, kijana. Mimi nilikuwa mbali na wewe. Bendi inapiga, watu wanapiga kelele, filimbi yangu mwenyewe hakuna mtu alisikia. Lakini wewe nilikusikia. Ulikosea kwa sauti kubwa sana." Akaanza kucheka, mkono kwenye paja. "Nilienda nyumbani nikamwambia dada yangu, yule bubu amekosea mpaka Makindye wamesikia. Nilikuwa na furaha, wewe ukakimbia."

Muuguzi alikuja, dada mmoja mpole mwenye mikono mipana, akamwambia ni wakati.

"Huyu ndiye mhesabu wangu," Mchezaji alimwambia. "Tusubiri akae mahali pake."

Nilikwenda nyuma yake, upande wa pili wa kitanda. Akashika fremu, akajiinua, akafika nusu, akarudi chini.

"Moja," nikasema.

Akajaribu tena. Akarudi. "Mbili." Jasho lilimtoka shingoni. Jaribio la tatu alikaribia, la nne hata nusu hakufika. La tano aliinuka mpaka nikaona mgongo wake unanyooka, kisha mguu ule mpya ukakataa, akaketi kwa kishindo.

"Mzee, leo umefanya vizuri," muuguzi alisema. "Tupumzike, tutajaribu kesho."

Mchezaji hakugeuka. "Ngapi?" akauliza.

Muuguzi alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba niseme nne, nimpunguzie mzigo, na mimi mwenyewe neno hilo lilikuwa mdomoni tayari. Nilikuwa nimewahi kulisema.

"Tano!" nikasema, na wagonjwa wa mwisho wa wodi wakageuza vichwa.

"Sawa," Mchezaji alisema. "Basi imebaki moja."

Akazikunja shuka pembeni, akaweka miguu yote miwili sawasawa sakafuni, akavuta pumzi kama pale juu ya ngazi, akasimama. Akasimama wima, mwenyewe, mabega yake yakifunika dirisha. Muuguzi alipiga makofi mara moja halafu akajizuia. Mchezaji aliachia fremu kwa mkono mmoja, akaushusha mbele yake kama anayeweka kitu chini, akauinua ule mguu mpya kidogo tu, akauburuta nyuma juu ya saruji, polepole, mpaka ukagusa kitanda.

Nami nilikuwa nimeshainama kuokota.